Firigisi Iliyokataliwa

Elkana hakuwa na mizani. Hakuwa na friji ya kuwekea matunda, wala hayo matunda ya kuweka. Hakuwa na kioo kikubwa kuliko kiganja cha mkono. Hakuwa na bafu lake mwenyewe, na lile la ploti nzima lilikuwa na mlango wa bati uliomsitiri mtu kutoka magotini hadi kifuani, basi. Hakuwa na uwanja wa mazoezi wala pesa ya kuingilia kwenye uwanja wa wenzake. Zaidi ya yote hakuwa na faragha, maana vyumba sita vya ile nyumba ya Mikindani vilitenganishwa kwa kuta zisizofika darini. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha tatu humwambia pole. Kitambi, hicho alikuwa nacho.

Wala hakuwahi kukionea haya. Kwao Vihiga, kitambi cha mtu aliyekwenda Mombasa ni ushahidi kwamba safari haikuwa bure. Alikivalisha shati jeupe kila Jumapili akakipeleka kanisani, na watu wakampisha kwenye benchi la mbele. Siku nyingine alikipakia kwenye mashine ya kunyanyulia makontena, katika yadi moja ya Changamwe, na huko pia hakuna aliyelalamika, hadi siku kampuni ilipomleta daktari kupima madereva.

"Kilo mia moja na kumi na mbili," daktari alisema. Alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, na upole wake ndio uliomtia Elkana hofu. "Mzee, dereva wa mashine hizi hatakiwi kuzidi mia. Na presha yako nayo iko juu. Ukizimia ukiwa umebeba kontena, nani atakuwa chini yake?"

Elkana alichukua shati lake.

"Rudi mwisho wa mwezi wa tatu. Kama hujapungua, nitalazimika kuandika uondolewe kwenye mashine."

Kuondolewa kwenye mashine maana yake ilijulikana. Ulipewa fagio na nusu ya mshahara, na Elkana alikuwa na binti kidato cha tatu, Lynnette, katika shule ya bweni isiyojua nusu ya karo. Daktari akampa karatasi ya vyakula vya kula. Elkana alikuwa amejifunza kusoma akiwa mtu mzima, darasa la jioni, na tangu hapo hakuwahi kudharau kitu kilichoandikwa. Aliisoma ile karatasi mara mbili. Tofaa. Maziwa yaliyotolewa mafuta. Samaki wa kuoka. Akaikunja akaitia mfukoni, akiwa ameelewa kwamba aliyeiandika anaishi katika nyumba yenye jikoni, na jikoni hiyo ina mlango.

Mkewe, Pascalia, Elkana hakumwambia. Si kwamba alimficha kwa ubaya. Mwaka uliopita Clifford wa chumba cha nne alikuwa ameponyokwa na kazi, akamnong'oneza mkewe usiku ule ule. Asubuhi mwenye duka alikuwa amekwisha kufunga daftari la mkopo, na mwenye nyumba alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, anauliza habari za kodi ya mwezi ambao haujafika. Ukuta usiofika darini hauna siri. Elkana akaamua: atapungua kimya kimya, na Mungu atamsitiri.

*

Alianza na mazoezi ya chumbani. Pascalia alipokwenda sokoni kuuza nguo zake za mtumba, Elkana alifunga mlango, akavua shati, akaruka. Mara ya tatu vyombo vikalia kabatini, na vumbi likamwagika kutoka juu ya ukuta.

"Baba Lynnette!" Ilikuwa sauti ya Roseline, jirani wa upande wa pili. "Mnahama?"

"Hapana, Mama. Napanga kabati."

"Kabati linaruka?"

Ikawa mwisho wa mazoezi ya chumbani. Tangu siku hiyo alitoka alfajiri, kabla ya wakati wake wa kazi, akateremka kwa miguu njia ya Jomvu Kuu, huko ambako nyumba zimeachana, kuna mashamba madogo na njia nyembamba zinazoelekea kwenye maji, na mtu akihema hakuna wa kumuuliza. Kwa Pascalia alisema yadi imebadilisha saa. Sukari aliiacha. Ugali aliukata katikati, akala upande mmoja. Chapati za kibanda cha yadini akazipa mgongo, japo ziliendelea kumwita kwa harufu.

Kupimwa alipimwa kwa Tinga, mnunuzi wa vyuma chakavu pale barabarani, mwenye mizani kubwa ya kusimama. Tinga hakumtoza kitu, ila alikuwa na mazoea ya kutangaza kila kilo ili karani wake aliye ndani ya banda aandike.

"Mia moja na tisa!" Tinga aliita. Watu wawili waliokuja na radieta wakageuka.

"Sauti, bwana," Elkana akasema kwa meno.

"Mizani yangu haina siri, mzee. Pole sana. Andika hapo ndani: betri moja kubwa, haiuzwi!"

Watu wakacheka. Elkana alishuka kwenye mizani kwa heshima, kama mtu ashukaye mimbarini, akafunga vifungo vya shati. Tatu zimetoka. Wacha wacheke.

Huko Jomvu Kuu ndiko alikokutana na Hawe Dama. Hawe, kwa lugha ya kwao, ni bibi. Alikuwa mjane wa Kigiriama mwenye shamba la mboga lisilozidi ua wa kanisa, na asubuhi moja alimkuta Elkana ameegemea ua wake, amefumba macho.

"Shikamoo, mama," Elkana akasema, pumzi zikimkatika.

"Marahaba. Unakufa?"

"Hapana, mama. Natembea."

"Basi ingia ukae. Kama ni kufa, usifie juu ya mchunga wangu, wateja watakataa kuununua."

Alimpa maji, akampa na bakuli la mchunga, mboga ya majani iliyochemshwa, chungu kama dawa, haina tone la mafuta. Elkana akala akamaliza, tumbo likatulia hadi adhuhuri. Kumbe ile karatasi ya daktari ilikuwa na njia yake ya mkato, na njia yenyewe ilipita kwa Hawe Dama. Kila asubuhi akawa anapita, anavua viatu ili miguu ipoe, anakula, ananunua fungu moja la mboga ambalo humgawia mlinzi wa yadi, kisha anakwenda zake kazini.

*

Kwao, mume akibakiza ugali sahanini naye hana homa, mke haulizi kama ameshiba. Huuliza ameshibia wapi.

Pascalia hakuuliza kwa mdomo. Aliuliza kwa sufuria. Alisonga ugali mkubwa zaidi, na mume akabakiza zaidi. Alipika mboga ya mrenda, akapika dagaa wa omena kwa nyanya nyingi, akaunga mpaka Roseline akasifu kutoka ng'ambo ya ukuta. Elkana alikula kidogo, akasema asante, akasukuma sahani. Siku moja aliinua kikombe cha chai akakirudisha.

"Usinitilie sukari, Mama Lynnette."

"Tangu lini?"

"Nimeizoea hivyo tu."

"Umeizoea wapi?"

Elkana akatazama ukuta. Ng'ambo, kijiko cha Roseline kilikuwa kimeacha kukoroga. Akanywa ile chai yenye sukari.

Pascalia alikuwa mwanamke mwenye maneno machache, na machache hayo yalimkaa moyoni. Aliona mshipi wa mume umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Aliona raba kuukuu chini ya kitanda, nyayo zake zina tope la mahali ambapo si Mikindani. Jioni, baada ya kufunga marobota yake sokoni, alianza kujipaka mafuta mazuri na kufunga leso mpya, naye Elkana akarudi, akamwambia umependeza, akala robo ya chakula, akalala kama gogo.

Kisha Roseline akaja uani, akainama karibu naye kwenye bomba la maji.

"Mimi sisemi kitu, Mama Lynnette. Nilikwenda Jomvu Kuu kununua samaki. Nimeona viatu tu."

"Viatu gani?"

"Vya Baba Lynnette. Mlangoni kwa mtu. Naye ndani ya ua, miguu mitupu, ameshika bakuli."

"Bakuli la nani?"

"La mwanamke. Nimeona mkono uliofunikwa leso ukimwongezea. Uso sikuuona, wallahi. Mimi nimeona viatu."

Pascalia alijaza ndoo yake mpaka ikamwagika, asijue.

*

Jumapili alinunua kuku. Akamwita na Kaviha, dada mkubwa wa Elkana anayeishi Magongo, mwanamke ambaye akiketi kitandani kitanda hujua. Baada ya ibada wakakaa watatu chumbani, meza katikati, pazia la kitanda nyuma yao.

Hakuna asiyejua, miongoni mwa watu wao, jinsi kuku anavyogawanywa. Firigisi ni ya baba wa nyumba. Mke huiosha, huipasua, huirudisha juu ya nyama zote ili ionekane mfuniko unapofunguliwa, na mume anapoitia kinywani, ndoa imesalimiwa. Mke haonji. Mgeni haombi.

Pascalia alifunua bakuli. Firigisi ilikuwa juu, imekaangwa ikang'aa.

Elkana aliitazama. Ijumaa ijayo ndiyo siku ya daktari. Jumamosi, siku moja kabla ya kuku huyo, Tinga alikuwa ameita mia moja na tatu, na wiki ya kabla yake pia aliita mia moja na tatu. Elkana alikuwa ameapa: mpaka Ijumaa, kitu kilichopita kwenye mafuta hakipiti kinywani mwake. Njaa ilimfanya asifikirie vizuri. Aliona mafuta, hakuona firigisi.

"Mpeni dada," akasema, akavuta bakuli la mboga.

Ng'ambo ya ukuta, redio ya Roseline ilipunguzwa sauti.

"Umesemaje?" Kaviha akauliza.

"Kula wewe, dada. Mimi nimetosheka."

"Elkana. Mimi nimekuwa mume wa nyumba hii tangu lini?"

"Ni nyama tu, dada."

"Ni nyama tu! Baba akisikia kwamba umempa mwanamke firigisi mbele ya mkeo, naye mkeo yu hai na macho anayo, atasema ni nyama tu?"

Pascalia hakulia. Alichukua mfuniko, akafunika bakuli taratibu, akaubana chini kwa kiganja kana kwamba kilichomo kitaruka.

"Sasa nimejua," akasema.

"Umejua nini, Mama Lynnette?"

"Kula mboga zako."

Kaviha alitoka uani na simu, na kwa kuwa baba yao Mzee Gershom amepungua masikio, alilazimika kupaza sauti. Kwa hiyo ploti nzima ilisikia habari ya firigisi kabla Vihiga haijaisikia. Jibu lilirudi kupitia mjukuu aliyeshika simu upande wa pili: neno la ndoa haliendi kwa simu. Mzee anataka barua, yenye sahihi ya mume na ya mke. Isipomfikia hadi Jumatatu inayofuata hii ya kesho, atapanda basi yeye na wazee wawili waje wakae kikao, na nauli ya watu watatu, kuja na kurudi, ni juu ya Elkana.

Elkana alikaa akiitazama meza. Hapo angeweza kusema. Lakini redio ya Roseline ilikuwa bado imepunguzwa.

*

Kaviha alilala hapo hapo, kwenye godoro. Alfajiri Elkana alipotoka, wanawake wawili walijitanda leso wakamfuata.

Hawakuwa wamejiandaa kwa mwendo ule. Elkana alikwenda amekaza mikono, hatazami nyuma. Walipofika mwisho wa lami, Kaviha alishika kiuno.

"Wifi, ngoja. Mtu anakwenda kwa mwanamke hivi? Huyu anakimbia polisi."

"Anamkimbilia," Pascalia akasema, akazidi kukanyaga.

"Basi huyo mwanamke ana nini?"

Walimpoteza, wakamwona tena, wakampoteza. Hatimaye wakaviona viatu. Vilikuwa vimepangwa vizuri mlangoni pa ua wa makuti, soksi zimetiwa ndani. Pascalia aliingia bila hodi.

Mumewe alikuwa kwenye kigoda, miguu mitupu, kijiko njiani kwenda kinywani.

"Yuko wapi?" Pascalia akasema, na sauti yake, ambayo ploti ilikuwa haijawahi kuisikia, iliwatoa kuku wa Hawe Dama chini ya banda. "Mwambie atoke! Nimwone huyo anayekupikia mpaka firigisi yangu inakutapisha!"

Nyuma ya mihogo akatokea Hawe Dama, mgongo umeinama, ameshika kisu cha kukatia mboga. Meno ya mbele hakuwa nayo.

"Mwanamke wa hapa ni mimi," akasema. "Nimeposwa na nani? Maana mahari sijaiona."

Kaviha alimtazama bibi, akatazama bakuli, akatazama majani ndani ya bakuli. Akakaa chini mchangani, akaanza kucheka, akacheka mpaka leso ikamfunguka.

"Mwanangu," Hawe Dama akamwambia Pascalia, "huyu mumeo huja hapa kula majani kama mbuzi, akalipa, akaenda. Nimemuuliza kwenu hakuna mke? Akasema yupo, tena anapika vizuri mno, ndiyo shida."

Hapo Elkana akasema yote. Daktari, mashine, fagio, karo ya Lynnette, Clifford na daftari la duka. Alisema miguu mitupu, ameshika bakuli, na mke wake akamsikiliza amesimama.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia wapi? Ukuta ule unaujua."

"Ungekuja sokoni. Ungeniambia kanisani watu wakiimba. Elkana, miezi miwili nalala nikitafuta kosa langu. Nimeonja mboga zangu nikadhani mkono wangu umeharibika." Sasa ndipo alipolia, kidogo, ndani ya upande mmoja wa leso. "Kazi ikipotea tutakula ulezi. Mimi nilidhani nimepotea mimi."

Elkana aliweka bakuli chini. Hakuwa mtu wa kuomba msamaha mbele ya watu, lakini aliomba, mbele ya dada yake na mbele ya Hawe Dama na kuku wake.

Pascalia akajifuta uso. Akainama, akachota mboga kidogo kwa kidole, akaonja. Akakunja uso.

"Hii unaichemsha mara ngapi, Hawe?"

"Mara mbili. Maji ya kwanza mwaga."

"Na tui la nazi hutii?"

"Nilikuwa natia. Yeye kakataa."

"Nifundishe."

*

Siri ilikufa siku ile ile, na Elkana akashangaa kuona kwamba hakuzikwa nayo. Roseline alikuja kuomba radhi na nusu ya papai. Clifford akamletea kamba ya kuruka. Na zile kuta zilizomtesa zikageuka walinzi. Akipita na kitu mkononi, sauti hutoka chumba cha tatu: "Baba Lynnette, hiyo ni soda?" Akikata ugali, Roseline huuliza kutoka ng'ambo, "Mama Lynnette, amekata upande gani?" Mwenye duka naye alisikia, akafikiri, kisha akamwambia Pascalia kwamba daftari liko wazi, ila sukari atamwandikia nusu kilo tu.

Ijumaa Elkana alivua viatu, mshipi, saa na funguo, akapanda mizani ya daktari.

"Mia moja na moja," daktari akasema.

Moyo wa Elkana ulishuka hadi kwenye soksi. Daktari akamfunga mkono kile kitambaa cha kupimia presha, akakijaza upepo, akasubiri. Akapima mara ya pili.

"Umekula nini, mzee?"

"Mchunga."

"Haumo katika karatasi yangu."

"Hapana, daktari. Haumo."

Kijana akaandika kwa muda mrefu. "Presha imeteremka sana, kuliko nilivyotarajia. Kilo moja siiogopi. Kaa kwenye mashine yako, nikuone tena mwezi wa tano." Kisha, kalamu ikiwa bado mkononi: "Huo mchunga unapikwaje?"

"Mara mbili," Elkana akasema. "Maji ya kwanza mwaga."

*

Jioni hiyo jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa walipokaa mezani kuandika, sahani za chakula zikiwa bado hazijaondolewa, maana basi la Vihiga huondoka saa moja, na Jumatatu ilikuwa inakuja na wazee wake watatu. Elkana alishika kalamu. Mwandiko wake ulikuwa wa kujivunia, wa mtu aliyejifunza herufi akiwa na ndevu.

"Nitaanza na habari za kampuni," akasema.

"Anza na firigisi," Pascalia akasema.

Akaandika: *Baba, shikamoo. Kwanza kabisa, firigisi niliikataa kwa sababu ya mafuta, si kwa sababu ya mke. Mke mwingine sina wala simtaki. Nilificha ugonjwa nikiogopa majirani, na aliyeumia ni Pascalia. Nimemwomba radhi, amekubali. Nimepungua, lakini usiogope ukiniona, sijalala njaa hata siku moja. Bado naendesha mashine. Wazee wasisumbuke, nauli yao itafaa zaidi kwenye karo ya mjukuu wako. Desemba tutakuja sote. Firigisi ya kuku wa kwanza itakuwa yako, ya wa pili nitaila mimi, mbele yako.*

Akatia sahihi. Pascalia alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, akatia yake, akaongeza chini kwa herufi kubwa: *ICHEMSHWE, ISIKAANGWE.*

Bahasha ya dukani ilikuwa imekaa sana katika joto la pwani. Gundi yake ilikwisha kufa. Elkana aliilamba, ikafunguka. Akaibana kwa ngumi, ikafunguka.

"Hebu lete," Pascalia akasema.

Alinyoosha mkono kwenye sahani ya mume, pale kwenye ule upande wa ugali aliouacha, akamega kipande kidogo. Akakifinyanga kwa vidole na tone la maji mpaka kikalainika, akakipaka kwenye ukingo wa bahasha, akakunja, akakandamiza kwa kiganja kile kile alichobania mfuniko Jumapili. Bahasha ikashika.

"Kumbe unachobakiza kina kazi," akasema, na ng'ambo ya ukuta mtu akacheka kwa sauti, bila kujificha.

Waliipeleka kwa miguu, wote wawili, hadi ofisi ya mabasi pale Changamwe. Karani aliipima bahasha kwa kiganja, akaipiga mhuri, akauliza kuna nini ndani.

"Barua tu," Elkana akasema.

Karani akamrushia makanga, makanga akaichomeka nyuma ya kioo cha mbele, dereva akapiga honi, na basi likaondoka na kipande cha ugali wa Elkana kwenda nacho kwao.